Tangu Mama Mihayo Aache Kukutukana

Zuzu, jioni

Nyemo mwanangu,

Sikujulii hali, maana hali yako naijua: nakusikia chumba cha pili unagombana na zipu ya lile begi. Ya kwangu unaijua pia. Basi salamu zimekwisha na karatasi haijaharibika. Watu waliosoma hujaza ukurasa mzima salamu, halafu jambo lenyewe wanalibana chini kabisa, pembeni ya saini, kama mgeni aliyechelewa kupata kiti. Mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa ubishi, lakini mwalimu mkuu akitaka kuandika barua nzito alikuwa ananiita ofisini nimwambie aanzie wapi. Ukimuuliza mtu wa rika langu hapa Zuzu atakataa. Wivu tu.

Sitakuambia ufunge mlango, wala uchemshe maji, wala usipokee biskuti ya mtu usiyemjua ndani ya basi. Una digrii ya chuo kikuu kule Chimwaga. Kama miaka yote ile hawakukufundisha kufunga mlango, basi mimi niliuza ng'ombe wangu bure.

Lililonifanya nitafute kalamu ni hili: kesho asubuhi unakwenda Tabora kufungua duka la unga, na Mama Mihayo hajakutukana tangu siku ile ya ukumbini. Hajakutukana hata kidogo. Juzi alikukuta pale sokoni Majengo akakuambia, "Habari za asubuhi, Madam Nyemo, biashara inaendeleaje?" Ukamjibu nzuri, ahsante. Ukaja nyumbani umetabasamu mpaka masikioni, ukasema, "Mjomba, unaona? Siku hizi tunaheshimiana." Mimi nikaacha kula. Unakumbuka niliacha kula? Ulidhani mlenda umechacha.

Mwanangu, sijaogopa namna ile tangu nilipokutana na simba kule Manyoni. Na yule simba nilimpiga kofi.

Ngoja nikurudishe nyuma, maana ulikuwa mdogo, na watoto hukumbuka pipi tu. Mama yako, dada yangu, alikuwa na meza pale sokoni: unga wa uwele, karanga, mafuta ya alizeti, mlenda wa kukausha. Meza iliyogusana na yake ilikuwa ya Mama Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, muuza asali na michembe, vile viazi vyao wanavyovikata na kuvikausha mpaka vinagongana kama kokoto. Kwamba sisi Wagogo na wao ni watani, hilo unalijua hata wewe. Babu zao walipita hapa na mizigo kichwani, babu zetu wakawatoza kitu ndipo wanywe maji, na tangu hapo hatujaacha kukumbushana. Lakini kujua utani si sawa na kuula. Wale wawili waliula asubuhi, mchana na jioni.

Mama Mihayo akifika tu, kabla hajaweka ndoo chini: "Wateja jamani, huyu Mgogo msinunue unga wake! Umejaa mchanga wa Bahi, mtajenga nyumba tumboni!"

Na mama yako, bila hata kuinua kichwa: "Nunueni michembe ya mpagazi. Meno yakivunjika mtarudi kwangu kunywa uji."

Watu wanajaa. Na mtu akishacheka mezani kwa watu haoni vizuri kuondoka mikono mitupu, basi anachukua unga huku, anachukua asali kule, anaenda zake akisimulia njiani, na anayesimuliwa naye anakuja. Hakuna aliyebandika tangazo. Hakuna aliyempa mwenzake kadi. Dada yangu akipata mteja anayetaka asali alikuwa anamwambia, "Nenda kwa yule mwizi hapo, lakini shika mfuko wako." Hapo ameshampeleka. Na mteja aliyepelekwa hivyo haulizi kama asali ni safi, maana anayejua ubovu wako wote akaendelea kukuletea watu, huyo ameshakupima kuliko mizani.

Mama yako alipoanza kuugua, Mama Mihayo alikuwa anafungua meza zote mbili. Anawaambia watu, "Mwenye hii amelala, mvivu kama fisi aliyeshiba, nunueni mumkomeshe." Jioni anakuja na mauzo hapa hapa Zuzu, anaingia mpaka chumbani bila hodi. "Bado hujafa? Basi chukua hela zako, nilishaanza kuzizoea." Dada yangu anacheka mpaka anakohoa. Wewe uko pembeni na kichwa chako hicho, na Mama Mihayo anakulisha uji kwa kijiko, anakuita Kibuyu. Kibuyu kula. Kibuyu usiteme. Kibuyu wewe, mama yako atapona akukute umekonda, atasema Wanyamwezi wachoyo.

Hakupona. Siku ya kuzika watu walilia kwa adabu, na adabu haijawahi kumpunguzia mtu uzito. Mama Mihayo yeye aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki, huyu Mgogo hawezi kuondoka na kitenge chake kizuri cha zambarau bila kumwachia mwenzake. Tukaenda ndani tukakileta. Akakinusa, akasema kinanuka mlenda, akajifunga nacho, akatoka. Tangu siku hiyo anakivaa sokoni. Umemwona nacho maisha yako yote, ukadhani ni nguo.

Sasa tuje kwako na wenzako.

Ulipoanza unga wa lishe kwenye vile vifuko vyenye picha ya mtoto anayecheka nilikusifu, sikatai, ingawa yule mtoto ana meno mengi kuliko umri wake. Kisha ukajiunga na huo umoja wenu wa akina mama wa biashara, wa kukutana ukumbini mjini, chai na maneno. Mimi ndiye nilikuwa nabeba maboksi, kwa hiyo nimewaona. Nimeona minada ya ng'ombe kuanzia Bahi mpaka Kongwa, lakini ng'ombe wa mnadani wana aibu kidogo. Pale kila mtu kabandikwa jina kifuani kama gunia la mbolea. Wanaitana "mpendwa" watu wasiojua hata majina ya watoto wa wenzao. Wanashikana mikono, huku mmoja anachungulia juu ya bega la mwenzake kutafuta kama nyuma kuna mkono mzito zaidi. Mama wa mapambo alinipa kadi yake, akidhani mimi ni mfanyabiashara mkubwa, na hakukosea. Kadi ngumu, nzuri, ina pembe kali. Nimechokolea meno mwezi mzima.

Na sifa! "Hongera mpendwa." "Unaweza mpendwa." "Unang'aa mpendwa." Mtu anayekusifu hivyo na unga wako hajauonja anakusifu wewe au anajifariji yeye? Mashine yako ya kusaga ilipokufa uliwaandikia kwenye kundi lenu la simu. Wakakutumia vikono vya kusali mpaka simu ikaisha chaji. Maua pia, ya rangi zote. Simsemi yule mshonaji, yeye alileta turubai mvua isije ikaharibu uwele wako, huyo namtoa. Wengine wote walikuombea, na mashine ni Mpagani, haikusikia. Aliyekuja ni nani? Mama Mihayo. Alikuja na guta la kukodi, akasimama pale mlangoni: "Nimesikia mashine imejinyonga kwa aibu ya unga wako." Akapakia magunia yako, akayapeleka kwa msagaji wake kule Majengo, akarudi yeye mwenyewe amekaa juu ya magunia kama malkia, mweupe kwa unga mpaka kope. Wateja wako hawakujua hata kama palikuwa na tatizo. Yeye hana kadi. Ana mdomo tu.

Na ni wewe uliyemwalika kwenye umoja wenu. Hilo nakupa. Akaja na ndoo yake ya asali na kitenge cha mama yako.

Siku ile ulisimama mbele na suti yako, picha ya kifuko cha unga imeangazwa ukutani, kubwa kama nyumba, yale meno ya mtoto kila moja kama mlango. Ukaanza kusema "bidhaa yetu" na "soko lengwa". Mimi niko nyuma na maboksi na sambusa. Nikatazama ukumbi: nusu nzima ya wanawake wanachezea simu chini ya meza. Hapo ndipo sauti ikatoka pembeni:

"Mwongo huyo! Uji wa nyumbani kwao nilimlisha mimi, alikuwa anautema! Leo anawauzia nyie!"

Sambusa ilinipalia. Wapishi mlangoni walishikana mabega kwa kicheko. Na kitu ambacho wewe hukukiona, maana ulikuwa umegeuka jiwe, ni kwamba simu zote ziliachwa. Vichwa vyote viliinuka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile ukumbi mzima ulikuwa unakutazama wewe na unga wako, wanangoja umjibu. Alikuwa amekukusanyia watu, mwanangu, kama alivyomkusanyia mama yako miaka yote. Mlango ulikuwa wazi. Ulitakiwa kusema neno moja tu. "Nilikuwa nautema kwa sababu ulikuwa umeupika wewe." Wangekufa kwa kucheka, na unga ungeisha kabla ya chai.

Ukanyamaza. Mwenyekiti wenu, yule mwenye miwani ya dhahabu, akagonga meza kwa kalamu: "Mama, hapa tuna maadili." Maadili! Mtu anamnyang'anya mwenzake mteja kwenye foleni ya chai halafu ana maadili.

Hapo bado pangeponyeka. Lakini wewe ukaenda kushtaki. Ukaenda kwa kamati, ukasema umedhalilishwa mbele ya wateja, ukataka aombe radhi hadharani. Wakamwita. Ukaja kunisimulia na macho yanang'aa, namna alivyosimama mbele ya wote, mikono ameishika tumboni, akasema, "Naomba radhi, Madam Nyemo. Haitajirudia." Na ukumbi ukapiga makofi, na Miwani ya Dhahabu akasema huo ndio ukomavu.

Haitajirudia. Umelisikia hilo neno? Umeshinda kesi dhidi ya mtani. Hakuna Mgogo aliyewahi kuishinda kesi hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa mjinga wa kuifungua.

Nilikuambia usiku uleule. Ukanijibu, "Mjomba, hayo mambo ya zamani, sasa kuna taratibu za kitaaluma." Sawa. Taaluma yako na ifike Tabora, tuone itapokelewa na nani. Wewe unajua wauza asali wa kule, wasagaji wa kule, mwenye fremu unayotaka kuipanga, wote ni dada za Mama Mihayo, shemeji zake, na watu waliokula harusi ya mwanawe Mihayo. Watakupokea, usiwe na wasiwasi. Watakupangusia kiti. "Karibu Madam." Utauziwa kwa heshima asali ya wageni, ile iliyotiwa maji. Utaelekezwa kwa heshima fremu inayovuja. Siku ukiugua watakutumia vikono vya kusali kwa heshima. Mtu anayekuheshimu sana hajakufanya wake bado, anakungojea uondoke.

Jana, nadhani, lilikuingia kidogo, maana uliniambia kwa sauti ndogo, "Basi niende nikamwombe msamaha." Msamaha juu ya msamaha! Hiyo ni kumwaga maji kwenye matope. Na matope nayajua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Sikia. Kabla njia ya Itigi haijawekwa lami nilikuwa napeleka mafahali Tabora kwa lori. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nyingine. Kambale wa Bahi walikuwa wanavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Lori likazama. Lilizama hivi hivi naliona, magurudumu, mlango, kioo, mpaka ikabaki honi, nikawa naibonyeza kwa kidole cha mguu huku nimesimama juu ya paa. Fahali wangu mmoja, Mjeuri, aliogelea akaenda zake, na nasikia alioa huko huko. Nani akaja? Marehemu mume wa Mama Mihayo, na trekta. Hakuvuta mara moja. Alikaa kwanza ukingoni, akatoa karanga mfukoni, akala huku ananitazama.

"Babu zenu walitutoza maji," akasema. "Leo maji yamekutoza wewe."

Akanitukana karanga baada ya karanga, mpaka zikaisha, ndipo akafunga mnyororo. Akavuta lori likatoka na nusu ya wilaya.

Mimi nikafanya ulichofanya wewe, na sikuwa hata na digrii ya kusingizia. Nikaoga, nikavaa shati la kola, nikamnunulia mbuzi, nikaenda kwake nikasema, "Ahsante sana Bwana, Mungu akubariki kwa msaada wako." Kama mhubiri. Akaupokea mkono wangu, akapokea kamba ya mbuzi. "Nashukuru, Bwana Chilewa. Karibu tena."

Bwana Chilewa! Tangu hapo kila niendapo Tabora ni Bwana Chilewa. Wanunuzi wakawa wapole. Mafahali wangu walikaa mnadani mpaka wakala kamba zao wenyewe. Nilikuwa nimemlipa, unaelewa? Nilimfanya mtu baki. Alikuwa amenitoa matopeni kwa sababu mimi ni wake, halafu mimi nikamlipa kama fundi.

Dawa niliipata harusini Bahi, na sikufundishwa na mtu, ni akili yangu. Nilimkuta amekaa na wakwe, kanzu safi, kofia mpya ya kufumwa. Nikamvua ile kofia mbele ya wakwe, nikamvika mbuzi, nikasema, "Tazameni pacha wake." Wakwe wakatazamana. Nikadhani nimekosea mara ya pili. Kisha akainuka. Mwanangu, yule mtu alinikimbiza kutoka Bahi mpaka hapa Zuzu kwa kufuata reli. Tuliipita treni ya mizigo, dereva akatupungia mkono. Alinikamata pale kwenye makutano ya reli, akanikalia kifuani, akaniita jina ambalo siwezi kumwandikia binti yangu. Nililala usiku ule kama mtoto aliyenyonya.

Kwa hiyo leo mchana, wakati wewe unadhani nimeenda kuangalia mbuzi, nilikwenda Majengo.

Sijui kama nikuambie nilichokikuta, ila barua haina maana nikificha. Aliniona, akasimama. Akafuta kiti kwa kanga, akanikalisha, akaagiza soda. "Karibu Mzee Chilewa. Familia hawajambo?" Nikajaribu. Nikasema, "Asali yako siku hizi hata nyuki wanaikimbia." Akatabasamu kama mtu wa mapokezi hotelini. "Tutajitahidi kuboresha, Mzee." Nikaiweka soda chini. Ndipo nikaona hakuvaa kitenge. Nikamuuliza kiko wapi. Akapanga vichupa vyake kwanza, vyote, kimoja kimoja.

"Kipo kabatini, nimekikunja. Ni kitu cha watu, nisije nikakiharibu."

Kitu cha watu. Alilala kaburini kukidai, na leo ni kitu cha watu. Hapo nilijua kwamba hakukasirika na wewe, Nyemo. Angekuwa amekasirika ningemshukuru Mungu. Alikuwa amekuelewa, basi. Uliposema hadharani yeye si wa kukusema, alikubali, akaanza kukurudishia vitu vyako pole pole: kwanza jina, kisha kitenge.

Akageuka kumhudumia mteja. Unaijua ile kata yake ya kupimia asali, ya kibuyu, yenye mpini uliosuguliwa mpaka unang'aa, aliyoichonga mume wake? Bila hiyo hauzi. Anasema kipimo kingine chochote ni wizi. Nikaichukua. Nikaitia ndani ya koti na asali iliyokuwamo, nikaenda hatua kadhaa, nikageuka, nikapaza sauti soko zima lisikie:

"Nyemo kanituma! Anasema Mnyamwezi hajui kupima, anaipeleka Tabora ikapumzike!"

Nikakimbia. Nilikuwa na miaka kumi na minane kwa muda wa dakika tano. Bodaboda walibaki nyuma yangu wanauliza huyo nani.

Kata iko chini kabisa ya begi lako. Nimeifunga kwenye ile fulana ya umoja wenu, yenye maandishi ya kupendana, na hatimaye imepata kazi. Ukiona sisimizi usishangae. Ndiyo maana zipu haifungi, kwa hiyo acha kuitukana.

Nilitaka kuishia hapo na kukuachia bahati yako. Nilikuwa nitaandika kwamba labda kesho atakuja stendi, labda hatakuja. Nilikuwa nimeshaandika "labda" ya kwanza, unaona nilivyoifuta, ndipo simu ikalia. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Halo, mwizi."

"Umekosea namba. Hapa wanakaa watu wa heshima."

"Heshima ya Mgogo inakaa wapi, kwenye mlenda? Kata yangu."

"Muulize Nyemo. Mimi mzee, hata sioni."

 Nilisikia watu wa sokoni wanafunga meza nyuma yake.

"Yule Madam?"

"Madam gani? Namsema yule uliyemlisha uji."

Nikatazama simu nione kama salio lake limekwisha. Alipoanza sauti ilikuwa chini, akaipandisha mwenyewe, kama mtu anayewasha pikipiki iliyolala nje.

"Mwambie... Mwambie huyo Kibuyu. Mla mlenda. Mtema uji. Mwambie kesho nitakuwa stendi kabla hajafika, na kitenge cha mama yake nimejifunga kiunoni kwa vita. Asipotoa kata yangu namvua viatu mbele ya abiria wote, aende Tabora peku kama mbuzi."

"Mbuzi ana kwato."

"Basi hata mbuzi kamshinda!"

Akakata. Nimekaa kidogo. Vumbi limeniingia machoni, hapa Zuzu vumbi haliishi.

Kwa hiyo sikia, Kibuyu. Kesho usimpe ile kata. Ishikilie, iende Tabora, na kila mwezi akipiga simu kuidai mwambie imepotea. Usimwombe msamaha. Usimshukuru, hata kwa macho. Akianza, mjibu. Jibu lolote, hata bovu, ukikosa mwambie babu zake bado tunawadai yale maji waliyokunywa. Hata ukitetemeka, jibu.

Na usivae kandambili. Vaa vile viatu vyekundu ulivyonunua kwa ajili ya ukumbini, vile unavyovifuta kwa mate. Mtani hamvui mtu viatu vya hovyo. Akivikamata, piga kelele, vuta kidogo, halafu mwachie.

Ukishuka Tabora umevaa suti na miguu mitupu, watu watakutazama. Atatokea mmoja atauliza, dada, viatu vimekwenda wapi? Mwambie, kavichukua Mama Mihayo.

Hutahitaji kadi nyingine.

Mjomba wako, mwizi wa kofia na kata,

Chilewa